Mtoto wa Nyoka Hanyonyeshwi

Waswahili tumemhukumu kabla hajazaliwa: mtoto wa nyoka ni nyoka, basi. Methali hiyo huelekezwa kwa binadamu wenye asili mbaya, lakini ukiichukua bila fumbo lolote utakuta ni elimu ya viumbe iliyonyooka. Siku anayozaliwa, mtoto wa nyoka ni nyoka kamili. Hanyonyeshwi, halishwi, wala hafundishwi kuwinda. Baada ya muda mfupi kila mmoja ameshika njia yake, na asiyepata cha kula hana wa kumlilia.

Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu watoto hao huzaliwa mlangoni mwa watu. Ukishuka kutoka Uyole kwa barabara ya Kyela, ukaacha viazi vya Isongole nyuma na kuipita Kiwira, unaingia katika nchi ya migomba. Nyumba zimo ndani ya migomba, ng'ombe wa maziwa wamo ndani ya migomba, na siku hizi miparachichi nayo imejipenyeza humo humo. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na mvua yake kwa mwaka huvuka milimita 2,000. Chini ya kila shina la mgomba kuna majani yaliyooza, na chini ya majani hayo kuna unyevu usiokauka hata Agosti. Hapo ndipo wanapokaa konokono, pamoja na ndugu zao wasio na gamba, koa, wanaotafuna miche ya kabichi usiku na kuacha utepe wa ute unaong'aa asubuhi.

Palipo na koa pana mla koa. Nyanda za juu za Afrika Mashariki zina nyoka mdogo wa jamii ya Duberria, ambaye kazi yake duniani ni kula konokono na koa tu. Hali panya, hali chura, hana haja na kifaranga chako. Ni mfupi, mara nyingi hafiki sentimita 40, mnene kidogo kwa urefu wake, kichwa kidogo kilichoungana na shingo bila kiuno. Mgongo ni wa kahawia au rangi ya kutu. Tumbo lina weupe wa maziwa, na pembeni mwake kuna vidoadoa vyeusi vilivyopangwa mstari. Hana sumu ya kumdhuru mtu, na hata ukimkanyaga hang'ati. Anajikunja kama mkeka uliovingirishwa, kichwa kikiwa katikati, anatoa harufu mbaya, na kungoja uondoke.

Watoto wake huzaliwa hai, wakiwa wamefungwa katika ngozi laini inayopasuka mara moja. Idadi yao hutofautiana: mama mdogo huzaa wachache, mkubwa anaweza kuvuka ishirini. Kila mmoja ana urefu wa kama sentimita kumi, na wembamba ambao usipoinama utadhani ni mzizi au mnyoo. Ndani ya tumbo bado ana akiba ya kiini kilichomlisha kwa mama, na akiba hiyo ndiyo posho yake ya kwanza na ya mwisho kutoka kwa mzazi. Akishaimaliza, ulimi ndio unaomwongoza. Anautoa, anagusa ardhi, anaurudisha, na harufu iliyonaswa inasomwa na kiungo kidogo kilicho juu ya kaakaa. Akiugusa utepe wa ute wa koa, mwendo wake unabadilika ghafla. Anaufuata utepe huo pole pole, kichwa chini, mpaka anamfikia mwenye nao. Anamng'ata ubavuni, anamshikilia huku koa akijikunyata na kumwaga ute zaidi, kisha anamsogeza kidogo kidogo mpaka ammeze kwa ncha. Akiwa ni konokono mwenye gamba, anashika nyama na kuvuta mpaka gamba libaki tupu. Mlo ukiisha huonekana akisugua mashavu kwenye jani, huku na huku, kuondoa utelezi. Shughuli yote hii ni ya kiumbe aliyezaliwa juzi, ambaye hakuna aliyemwonyesha.

Kwa nini azaliwe hai, wakati nyoka wengi wa Afrika hutaga mayai? Jibu linaweza kuwa baridi. Yai lililofukiwa ardhini haliwezi kuondoka kwenda kutafuta jua, na usiku wa Juni katika miteremko ya Rungwe unaweza kulichelewesha au kuliua kabisa. Mama anayebeba watoto tumboni huota jua asubuhi, huingia chini ya majani jua linapozama, na kwa njia hiyo huwapa joto la kutosha popote alipo. Ndiyo maana katika nchi za baridi na juu ya milima idadi ya nyoka wazaao hai huongezeka. Kifutu, ambaye anapatikana karibu kote Afrika, naye huzaa, na tena huzaa kupita kiasi: jike mmoja aliyetoka Kenya, akitunzwa katika bustani ya wanyama ya Jamhuri ya Cheki, alizaa watoto 156 kwa mara moja. Hakuna nyoka mwingine anayejulikana kuifikia idadi hiyo.

Kuhusu uzazi wa namna hii kuna uvumi ambao umezunguka dunia nzima, kwamba watoto hutoka kwa kupasua tumbo la mama na kumwacha amekufa. Herodotus, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, aliuandika kana kwamba ni habari ya kweli. Si kweli. Mama huzaa kwa njia ya kawaida, hupumzika, kisha huenda zake na anaweza kuzaa tena.

Lakini elimu ni jambo moja na shamba ni jingine. Mtu anapofukua matandazo na kukuta uzi wa kahawia unajikunja, mazungumzo huwa mafupi.

"Bibi, nimuue?"

"Ua, mjukuu wangu, kabla hajakua."

Kabla hajakua! Akikua atafika urefu wa mkono wa mtoto wa shule, na atakuwa amekula koa wengi waliokuwa wakiila kabichi ya bibi huyo. Hata hivyo simlaumu bibi, na nina sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba huku Unyakyusa nyoka hajawahi kuwa mnyama tu. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyefanya utafiti huku na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, alieleza katika kitabu chake cha 1951, Good Company, kwamba watu waliuamini uchawi kuwa ni chatu akaaye tumboni mwa mtu. Walinzi wa kijiji, abamanga, nao walisemekana kuwa na chatu wao, ambao kwa nguvu zao waliwaona wachawi usiku na kupambana nao. Nguvu hiyo ilirithiwa kutoka kwa wazazi. Makanisa yamejaa Tukuyu tangu wakati huo na vijana wengi watacheka ukiwauliza habari za chatu wa tumboni, ila woga uliojengwa kwa vizazi hauondolewi kwa kipindi kimoja cha baiolojia.

Ya pili ni nzito zaidi: bibi anaweza kuwa sahihi. Milima hii ina nyoka wengine wanaozaa. Mwaka 1930 Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekuwa msimamizi wa mikusanyo ya wanyama katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard, alizunguka nyanda hizi za kusini magharibi akikusanya nyoka, vyura na mijusi. Miaka kumi baadaye Mmarekani Charles Bogert alimpa nyoka mmoja jina la mlima wetu wa Rungwe, Atheris rungweensis. Huyu ni nyoka wa vichakani, mwenye magamba yaliyosimama kama maganda ya mbegu, rangi ya kijani na manjano, na ana sumu. Anapatikana pembezoni mwa misitu, ikiwamo ile ile iliyotupatia kipunji, kima aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005. Watoto wa jamii ya Atheris wana hila ya pekee. Wengi huzaliwa na ncha ya mkia yenye rangi nyepesi, ya njano au nyeupe, na huitikisa polepole kama funza. Chura mdogo anayemfuata funza huyo ndiye anayekuwa chakula. Hakuna dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa sumu ya Atheris. Kwa hiyo asiyejua kutofautisha asitie mkono, awe mtoto wa nyoka au mzazi wake.

Na tuufute hapa hapa uvumi mwingine, kwamba mtoto wa nyoka ana sumu kali kuliko mama. Mtoto wa kifutu ana meno na ana sumu tangu dakika ya kwanza, hilo ni kweli, na anaweza kumpeleka mtu hospitali. Lakini tezi zake ni ndogo, na mama yake anaweza kumwaga sumu nyingi mara kadhaa zaidi. Aliyeng'atwa na yeyote kati yao apelekwe hospitali bila kuchanjwa chale, bila kufungwa kamba ya kukaza, bila jiwe jeusi la kunyonya sumu. Kiungo kilichoumwa kitulizwe kisitikisike, pete na saa zivuliwe mapema kabla uvimbe haujaanza. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika, linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wengi wao ni wakulima kama wa kwetu.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu kuna nchi ambako watu huwalea watoto wa nyoka kwa hiari yao, tena ndani ya nyumba. Amerika ya Kaskazini ina nyoka wa jamii ya Thamnophis, ambao huko huitwa nyoka wa garter. Ukimweka karibu na mla koa wetu, utasema ni watoto wa shangazi na mjomba: wapole kwa binadamu, wakaaji wa bustani zenye unyevu, wanaozaa hai, na wanaonuka wakikamatwa. Uhusiano wao wa ukoo ni wa mbali sana, lakini maisha yamefanana. (Tahadhari: jina la garter limepewa pia nyoka wa Kiafrika wa jamii ya Elapsoidea, ambaye ni ndugu wa swila na ana sumu. Anayesoma maelekezo ya Wamarekani na kuyatumia hapa kwetu anaweza kujitafutia balaa.)

Ulezi wao hufundisha mengi juu ya kile ambacho shamba hufanya bila malipo. Kichanga wa garter huwekwa katika kisanduku chenye kifuniko kinachobana, maana tundu lolote linalopitisha penseli humpitisha naye. Upande mmoja wa kisanduku hupashwa joto hadi karibu nyuzi 28 au 30, upande mwingine huachwa na ubaridi, ili achague mwenyewe. Nyoka hana moto wake wa ndani. Akimeza chakula halafu akakosa joto, chakula hakisagiki, na kinaweza kuoza tumboni na kumuua. Kona moja huwekwa kuvumwani au karatasi yenye majimaji, na kisahani cha maji kifupi asimoweza kuzama. Kichanga mikononi mwa mlezi mgeni anaweza kuuawa na ukavu kabla ya njaa.

Chakula chenyewe ni mnyoo wa ardhini, aliyekatwa vipande vinavyolingana na unene wa nyoka, mara mbili au tatu kwa wiki. Hapa ndipo walezi wanapojikwaa. Ule mnyoo mwekundu wa mboji, unaofugwa na wakulima wa kilimo hai, hutoa umajimaji unaomdhuru nyoka, basi haufai. Samaki wanafaa, lakini baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na nyoka anayelishwa hao peke yao mwishowe hutetemeka na kupinda shingo. Watoto wawili hawalishwi katika kisanduku kimoja bila mtu kuwaangalia: kila mmoja akishika ncha yake ya mnyoo mmoja, wanakutana katikati, na mwenye mdomo mkubwa huendelea kumeza, mnyoo na ndugu yake pamoja. Wakikua kidogo, wengi huhamishiwa kwenye vitoto vya panya. Anayekataa hudanganywa kwa kupaka kitoto cha panya harufu ya mnyoo, na mara nyingi anadanganyika, kwa sababu kama tulivyoona, anachokiamini ni ulimi wake.

Ulimi huo umewashughulisha wanasayansi. Katika miaka ya 1960 Gordon Burghardt aliwaonyesha vichanga wa garter, ambao hawajawahi kula chochote, vipande vya pamba vilivyochovywa katika maji yenye harufu za wanyama mbalimbali. Walizirukia na kuziuma pamba zenye harufu ya chakula cha ukoo wao, wakazipuuza nyingine. Baadaye Stevan Arnold akaenda mbele zaidi huko California. Nyoka wa aina moja wanaishi pwani, kwenye koa wengi, na wanaishi bara, ambako koa hawapo. Aliwapa vichanga wa pande zote mbili vipande vya koa kabla hawajaonja kitu kingine. Wa pwani wengi walikula. Wa bara wengi waligoma. Ladha ya koa ilikuwa imo katika damu, imerithiwa kama rangi ya ngozi. Na koa wa pwani ya California, wakubwa na wa manjano, huko wamepewa jina la ndizi. Tukuyu wangelielewa jina hilo bila maelezo.

Sasa mchukue mla koa wa Rungwe, umweke katika kisanduku hicho hicho. Kitoto cha panya kwake si kitu. Mnyoo kwa kawaida hautaki. Anataka koa, na anawataka mfululizo, wa ukubwa wa punje ya mchele anapokuwa kichanga. Utawatoa wapi Machi, Julai, Oktoba? Na ukiwaokota katika bustani iliyopigwa dawa, umemlisha sumu. Mimi naona hakuna kiumbe asiyefaa kufugwa kuliko huyu, na hakuna anayefaa zaidi kuachwa alipo.

Sheria nayo iko upande huo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Biashara hiyo ilikuwa na mizizi, na nyoka wa Atheris walikuwa miongoni mwa waliotafutwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani kwa uzuri wao. Desemba 2011 Michele Menegon, Tim Davenport na Kim Howell walitangaza Atheris matildae, nyoka mpya mwenye pembe juu ya macho, kutoka nyanda za kusini mwa Tanzania. Walikataa kuutaja msitu alikopatikana, wakihofia wawindaji kuuvamia. Tena wakaanzisha kundi dogo la kuwazalisha kifungoni, kwa sababu msitu wenyewe ulikuwa mdogo na ukiendelea kukatwa.

Mkulima wa Rungwe hahitaji siri wala kifungo. Anahitaji kujua vitu vitatu vinavyowamaliza vichanga hawa. Cha kwanza ni moto wa kusafishia shamba, unaowakuta chini ya majani wakiwa hawana mbio. Cha pili ni vidonge vya kuua konokono vyenye metaldehaidi: vinaondoa chakula, na mla koa anaweza kumeza koa aliyekwisha kula sumu. Anayeokota koa kwa mkono jioni, au kuwategea chini ya ganda la ndizi na kuwakusanya asubuhi, anapunguza hasara bila kuua anayemsaidia. Matandazo mazito ya migomba yaachwe shambani na yasogezwe mbali kidogo na ukuta wa nyumba, maana yale yale yanayomficha mla koa yanaweza kumficha kifutu. Kwa sababu hiyo hiyo fukua kwa jembe au fimbo, mguuni uwe na buti. Ukikuta kikundi cha vichanga, rudisha majani na uendelee na mstari mwingine. Kesho yake huenda usimkute hata mmoja.

Cha tatu ni kuku. Kuku wa kienyeji hajali methali, hajali magamba wala sumu: chochote chembamba kinachojikunja ni mnyoo, na hummeza kichanga wa nyoka kabla hujasema lolote. Ukitaka wala koa wabaki bustanini, wafungie kuku wakati wa kufukua matandazo, uwafungulie jioni ukishayafunika.